HIFADHI MLANGONI PETU: NI MALI YA NANI?



Mtu akiulizwa ni wapi wanyama wa porini wanakaa na mji mkubwa, hutaja Nairobi, ambako hifadhi ya kilomita za mraba 117 ilifunguliwa mwaka 1946, na simba wake huyaona maghorofa. Sisi wa Mapendo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mlima Nyiragongo, ambao lava yake ilipita katikati ya Goma mwaka 2002, umo ndani ya hifadhi ya Virunga. Wanyama wale ni jirani zetu.

Hifadhi hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikapewa jina la Mfalme Albert wa Wabelgiji. Babu zetu hawakuulizwa. Ilipopanuliwa, watu waliondolewa katika mashamba na malisho yao. Aliyekuwa mwindaji jana akaitwa mwizi leo. Mwaka 1969 jina likawa Virunga, lakini desturi ya kutomwuliza mwananchi haikuondoka na jina la mfalme. Kwa hiyo wako wanaosema: mali hii si yetu, basi na iliwe. Sisi twasema hapana. Mali iliyonyang'anywa hairudishwi kwa kuchomwa moto.

Tutazame jikoni mwetu. Makala mengi yanayopikiwa Goma hutoka katika miti ya Virunga. Mwaka 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walipokaa kando ya hifadhi, miti ilikatwa kila siku, na mwaka ule ule UNESCO ikaiandika Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Julai 2007 ngagi wa milimani walipigwa risasi, na wengi waliofuatia jambo lile waliona nyuma yake biashara ya makala. Mama anayepika maharagwe hakuua ngagi. Lakini gunia lake lina mwenye faida, na mwenye faida ana bunduki.

Wala tusiwadharau waliolinda. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Aprili 2020 waliuawa 12 siku moja karibu na Rumangabo. Ni watoto wa nchi hii. Katika milima ya Virunga yote, pamoja na upande wa Rwanda na Uganda, ngagi walikuwa 254 mwaka 1981. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuta 604. Viboko wa Ziwa Edward hawakubahatika: katika miaka ya 1970 walizidi 20,000, na kufika mwaka 2005 hawakutimia 1,000. Mavi ya kiboko hulisha maji, na maji hulisha samaki. Kiboko akiisha, wavu wa Vitshumbi hurudi mwepesi.

Basi twadai nini? Kwanza, umeme. Kituo cha Matebe, katika Rutshuru, kilianza kazi mwaka 2015 chini ya hifadhi, na nyaya zake zikafika Goma. Lakini waya kupita juu ya bati si umeme ndani ya nyumba. Bei yake na iwe ile inayowezwa na mshahara wa mfanyakazi, naye apikie. Hapo ndipo gunia la makala litakapokosa mnunuzi.

Pili, sehemu yetu. Sheria ya Uganda huwapa wananchi wa kando ya hifadhi asilimia 20 ya kiingilio. Rwanda iliongeza sehemu yao ikawa asilimia 10 mwaka 2017. Ya kwetu iandikwe, isomwe hadharani, ijenge shule na zahanati.

Tatu, neno lolote la mipaka lisikatwe tena bila wenye nchi kuwamo barazani.

Ninyi wachimbaji mnajua: ndani ya shimo huachwa nguzo za mwamba, hata zikiwa na madini, kwa kuwa ndizo zinazoshika paa. Anayechimba nguzo hutajirika siku moja tu. Virunga ni nguzo ya mji huu. Tusiichimbe, wala tusikubali kusimama nje ya mlango wake kama wageni.