Damu ni safi, mbona miguu inakufa ganzi?

Msomaji, pengine umewahi kuyaona haya. Binti wa chuo, miaka 24 hivi, anaamka jicho moja limefifia kana kwamba limetandwa na ukungu. Wiki chache baadaye anapata nafuu. Miezi inapita, kisha miguu inakufa ganzi. Anapimwa damu, vile vipimo vya ESR na CRP ambavyo hupanda mwili unapokuwa na uvimbe ndani, na majibu ni shwari. Nyumbani minong'ono inaanza: anajifanya, ana jini, mapenzi yamemvuruga.

Msimhukumu upesi. Upo ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ulio nadra huku kwetu karibu na ikweta, na mara nyingi vipimo hivyo viwili haviuoni. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, lile ganda linalofunika neva mithili ya mpira kwenye waya wa stima. Lakini vita vyenyewe vimo ubongoni na katika uti wa mgongo, nyuma ya kizuizi kinachotenga sehemu hizo na damu.

Kwa hivyo ushahidi hutafutwa huko huko. Mwaka wa 1942, Elvin Kabat na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba maji yazungukayo ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa hawa huwa na protini nyingi za kinga. Siku hizi maabara huyapima maji hayo sambamba na damu ya mgonjwa yuyo huyo. Mistari miwili au zaidi ya protini ikijitokeza katika maji na isionekane katika damu, basi kinga hiyo inatengenezwa humo humo ndani. Wagonjwa wengi mno wa Ulaya huwa nayo. Hata hivyo, kaswende iliyofika ubongoni nayo huweza kuileta, ndiyo sababu daktari hutaka picha ya MRI pia.

Kinachowatisha wazazi ni sindano. "Itamlemaza mtoto wangu!" Hasha. Hudungwa chini kiunoni, mahali ambapo mshipa mkuu wa fahamu umekwisha na kubaki nyuzi zinazoelea majini. Kichwa huweza kuuma siku chache, basi.

Dawa za kupunguza mashambulio zipo, ingawa bei yake ni ya kutoa jasho, na hufaa zaidi zikianzwa mapema. Mwenye dalili kama hizi na aombe barua ya kumwona mtaalamu wa neva.