Utetezi wa Hadhara na Zamu ya Hadhira: Mfano wa Gesi ya Mtwara

Tangu Aristotle alipozigawa hotuba katika mafungu matatu, yaani za mahakama, za ushauri na za sifa, utetezi aghalabu umewekwa katika fungu la kwanza. Mwaka 1973, Ware na Linkugel waliutazama utetezi wa hadhara kama utanzu unaojitegemea, wakabainisha mbinu zake nne: kukana, kujiegemeza kwenye jambo linalopendwa na hadhira, kutenganisha, na kulikuza suala hadi kwenye muktadha mpana zaidi. Mgawanyo huo wafaa, ila una upungufu: unamchunguza msemaji peke yake.

Upungufu huo unadhihirika katika mgogoro wa gesi ya Mtwara. Tarehe 27 Desemba 2012 wananchi waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Siku nne baadaye, katika salamu za mwaka mpya, Rais Jakaya Kikwete aliutetea mradi huo kwa hoja kwamba rasilimali iliyopo popote nchini ni ya Watanzania wote. Hiyo ni mbinu ya nne bayana. Hata hivyo, hoja hiyo iligeuza pia upande wa mashtaka. Waliouliza mkoa wao utafaidikaje walilazimika sasa kuthibitisha kwamba hawaligawi taifa. Mshtaki akawa mshtakiwa, naye hakuwa na redio ya kujibia.

Baada ya ghasia za Januari 2013, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifika Mtwara, akakutana na makundi ya wananchi. Hapo utanzu ulibadilika: utetezi ulirudi barazani, ambako asemaye hupaswa pia kusikiliza, na maelezo juu ya mtambo wa kusafishia gesi Madimba yaliweza kuhojiwa. Yawezekana kupinga kwamba baraza nalo halikutosha, kwani tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, ghasia zilizuka upya na wanajeshi wakapelekwa. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini siku hiyo utetezi ulikuwa umerejea kwenye maandishi yasomwayo mbali, na hadhira imekosa tena zamu yake.

Suala hili si la nadharia tu. Hotuba za viongozi zimehifadhiwa. Utetezi wa waandamanaji umebaki zaidi katika kumbukumbu za watu. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na mtafiti atakayetegemea matini za serikali pekee ataandika historia ya upande mmoja. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, lakini wengi waliosema Mtwara, Mikindani na Msimbati wangali hai. Idara za Kiswahili hazina budi kuyarekodi maneno yao sasa, kwa ridhaa yao, na kuyachambua kama utetezi kamili, si kama kelele za nyuma ya hotuba.