Sikukuu za Televisheni ya Marekani ni za Nani?

Kila jamii huadhimisha kile inachokithamini. Anayetaka kujua ni akina nani wenye nguvu katika nchi fulani na atazame siku zinazopigiwa ngoma, kisha atazame na zile zinazopitishwa kimya kimya. Kwa kipimo hicho, televisheni ya Marekani ina mengi ya kutufundisha.

Februari 2025 shirika la NBC liliadhimisha kwa shangwe kubwa miaka 50 ya "Saturday Night Live", kipindi cha vichekesho kilichoanza tarehe 11 Oktoba, 1975. Hatuna ugomvi na kicheko. Lakini Julai ya mwaka huo huo Bunge la Marekani lilifuta kiasi cha dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma kwa miaka miwili. Siku chache baadaye shirika lililokuwa likigawa fedha hizo kwa vituo likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. Shirika hilo lilitokana na sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 7 Novemba, 1967. Vichekesho vikafanyiwa karamu, na elimu ya umma ikanyimwa riziki.

Jambo hili halikuzuka ghafla. Tarehe 1 Julai, 1941, siku ya kwanza vituo vya televisheni kuruhusiwa kuuza matangazo ya biashara, kituo cha NBC cha New York kilionyesha saa ya Bulova kwa sekunde chache kabla ya mchezo wa besiboli. Malipo yake hayakufika dola 10. Tangu siku hiyo mtazamaji akawa bidhaa: anadhani anapewa kipindi bure, kumbe yeye ndiye anayeuzwa kwa mwenye kiwanda.

Matokeo yake ni siku ambazo wenye televisheni hawapendi kuzikumbuka. Tarehe 5 Novemba, 1956 mwimbaji mashuhuri Nat King Cole, Mmarekani Mweusi, alianza kipindi chake katika NBC. Aprili ya mwaka huo wabaguzi walikuwa wamemshambulia jukwaani mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama alikozaliwa. Wasanii wakubwa, Weusi kwa Weupe, walikubali kushiriki kwa malipo madogo ili kumuunga mkono. Hata hivyo, haikupatikana kampuni ya kukidhamini kipindi hicho nchi nzima, kwa hofu ya kuwaudhi wanunuzi Weupe wa Kusini. Tarehe 17 Desemba, 1957 kikafa. Haikutungwa sheria ya kukifunga, wala hawakutumwa askari. Mkono mtupu haulambwi, hilo lilitosha.

Mfano wa pili unawahusu walimu. Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, alijipatia dola 129,000 na sifa nchi nzima kwa kujibu maswali magumu katika kipindi cha "Twenty-One", kilichodhaminiwa na watengenezaji wa Geritol, dawa ya kuongeza nguvu. Tarehe 2 Novemba, 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba alikuwa akipewa majibu mapema. Herbert Stempel, aliyeshindwa naye, alikuwa ameamriwa ashindwe. Heshima ya elimu iliuzwa ili chupa za dawa zinunuliwe.

Wapo watakaosema kwamba vituo hivyo hivyo vya biashara vilitenda mema. Ni kweli. Tarehe 7 Machi, 1965 ABC ilikatiza filamu ili kuonyesha polisi wakiwapiga waandamanaji wa Selma, na Januari 1977 ikaonyesha "Roots", historia ya utumwa, kwa usiku nane mfululizo. Lakini picha za Selma zililipiwa kwa damu ya waandamanaji. Na "Roots" ilionyesha tu kwamba ukweli na faida huweza kusafiri pamoja. Njia zao zinapoachana, ni ukweli unaoachwa njiani, kama alivyoachwa Nat King Cole.

Umma ulipogharimia, mambo yalikuwa mengine. Tarehe 10 Novemba, 1969 kilianza "Sesame Street", kilichowafundisha watoto, hasa wa maskini, herufi na hesabu bila ya kuwauzia chochote. Mwaka 2008 watoto wa Tanzania nao walipata "Kilimani Sesame", kilichotokana nacho. Lakini kuanzia mwaka 2016 vipindi vipya vya "Sesame Street" vilianza kwanza katika HBO, kituo cha kulipia, na mtoto asiye na fedha akasubiri miezi tisa. Mtoto ambaye kipindi kilianzishwa kwa ajili yake ndiye aliyewekwa nyuma ya mstari.

Ndugu wasomaji, habari za sherehe hizi zitaendelea kutufikia, zikiwa zimepambwa kwa picha na nyota. Wajibu wa mwalimu mbele ya wanafunzi wake, na wa mtumishi wa umma anayeshughulikia mipango ya utangazaji, ni kuuliza: kipindi hiki kililipiwa na nani, na ni nani aliyenyimwa nafasi ili kipatikane? Nchi isiyotaka kugharimia sauti ya umma isije ikashangaa siku itakapowasha televisheni na kusikia sauti ya muuza bidhaa peke yake.