Kuchagua Samaki Kabla ya Ufuko



Injili ya Mathayo, sura ya 13, yasimulia juu ya wavu uliokusanya samaki wa kila namna, na wavuvi walioketi ufukoni kuwachagua. Sisi wa Mwanza twaufahamu mfano huo bila kuelezwa. Hata hivyo, juma hili tutafakari jambo moja: kwa sangara mchanga, uchaguzi wa ufukoni umechelewa. Wavu ufikapo mchangani, amekwisha kufa.

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hung'aa ziwani kama mji unaoelea. Wavu ukitupwa karibu na ghuba, penye maji ya kina kifupi, hukusanya pia sangara wachanga, maana huko ndiko wanakokulia. Asubuhi akina mama wanaoanika dagaa huwakuta humo, wadogo kama kidole.

Sheria yetu imeweka vipimo: sangara asipungue sentimita 50, na tundu la wavu wa dagaa lisipungue milimita 8. Ni vema, ila tusijidanganye. Tundu linalomzuia dagaa haliwezi kumpitisha sangara mchanga aliyemzidi dagaa kwa ukubwa. Basi dawa si tundu peke yake, bali ni mahali pia: dagaa wavuliwe mbali na ghuba, kwenye kina kirefu, na kokoro linaloburutwa hadi ufukoni liachwe kabisa.

Kwenda mbali kuna gharama ya petroli na hatari ya mawimbi. Kijana wa mtumbwini mara nyingi hana wavu wala chombo. Riziki yake ni mgawo wa kilichovuliwa. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nyavu haramu ziliteketezwa. Lakini moto hauwezi kumlipia kijana huyo mafuta. Gharama hiyo ni ya tajiri mwenye chombo, nasi wanunuzi tuibebe pamoja naye kwa kulipa bei ya haki.

Wengi wetu hapa Mabatini hatuna mitumbwi, lakini tuna vikapu. Simlaumu mama mwenye shilingi chache. Namwomba achague fungu la dagaa, aliache la sangara wachanga. Kila fungu la namna hiyo linaponunuliwa, wavu umeagizwa kurudi ghubani. Likikosa mnunuzi, uchaguzi utaanza mapema, samaki angali hai.

Nawatakieni juma jema.