MAONI: Kabla ya kuamini, uliza ‘umejuaje?’

Kijana anayetunza ploti yetu hapa Nairobi hana kifaa cha kupimia maji. Kila asubuhi hupanda juu na kugonga tangi kwa kidole, akianzia juu akishuka chini. Pale mlio unapobadilika, anajua maji yameishia hapo. Hafungui hata kifuniko. Na ukimuuliza amejuaje, atakueleza, kisha atakuambia upande ugonge mwenyewe.

Sasa nikuulize wewe msomaji: umejuaje kwamba katikati ya dunia kuna kiini? Utasema ulifunzwa shuleni. Hata mimi. Nilichora ule mduara wenye ganda, tabaka la kati na kiini, nikaupaka rangi, nikapewa alama zangu. Hakuna siku niliuliza ni nani aliyeingia huko akarudi na habari.

Hakuna aliyeingia. Kutoka tulipo hadi katikati ya dunia ni takriban kilomita 6,370. Shimo la Kola kule Urusi, lililochimbwa kwa miaka mingi, liliishia kilomita 12 na ushee tu. Hayo mengine tumeyajua kwa kugonga, sawa na yule kijana wa ploti. Tofauti ni kwamba hapa mgongaji ni tetemeko la ardhi.

Tetemeko likitokea, hutuma mawimbi ya aina mbili ndani ya dunia. La kwanza lina mbio. Husukuma na kuvuta, na hupita kwenye kitu kigumu na hata kwenye majimaji. La pili huja nyuma likiyumba kando kando, na likikutana na majimaji linafia hapo. Sasa ardhi ikitetemeka upande mmoja wa dunia, vituo vya upande wa pili havilipati hilo wimbi la pili moja kwa moja. Kuna kitu kimelimeza njiani. Ndiyo maana tunajua kwamba kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi kuna chuma kilichoyeyuka.

Kwa muda ikaaminika kwamba kiini chote ni majimaji. Halafu akaja Inge Lehmann wa Denmark. Mwaka wa 1929 tetemeko kubwa lilipiga New Zealand, na Inge alipokagua rekodi za vituo vya mbali akaona mawimbi hafifu mahali ambapo hayakupaswa kufika. Angeweza kusema mitambo imekosea, yakaisha. Hakusema. Jamaa yake mmoja alisimulia jinsi alivyomkuta bustanini na maboksi ya nafaka yaliyojaa kadi zenye habari za matetemeko na saa yaliporekodiwa. Enzi hizo hakuna kompyuta. Mwaka wa 1936 akatangaza kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine. Baadaye ikathibitishwa kuwa hicho cha ndani ni kigumu.

Mbona nakusimulia haya? Kwa sababu mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na si kwa kukosa akili. Rafiki alinionyesha mpango fulani wa mtandaoni, pesa zinazaa mara tatu kwa mwezi. Nikaweka karo yote. Swali moja tu, “umejuaje kwamba zitazaa?”, lingeniokoa. Lakini miaka yote ya shule nilizoea kupewa jibu na kulikariri. Aliyenitapeli hakuhitaji ujanja mwingi. Alipata mtu aliyeandaliwa tayari.

Na si mimi peke yangu. Unakumbuka ule ufa wa Mai Mahiu mwaka wa 2018? Simu zetu zilijaa habari kwamba Afrika inapasuka sasa hivi. Tukasambaza tu. Kumbe wanajiolojia walikuwa wakieleza kwamba ni mvua kubwa iliyosomba udongo laini wa majivu ya volkano. Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila polepole mno. Na wanajua kilicho chini yake kwa kugonga vilevile: mwaka wa 1990 watafiti walilipua baruti ndani ya maziwa yetu, likiwemo Turkana, wakapima mawimbi. Ganda la dunia lilikuwa na unene wa kilomita 35 hivi upande wa kusini, lakini 20 hivi tu chini ya Turkana. Ni shule gani ilikuambia hayo?

Ombi langu kwa walimu: mkitupa jibu, tupeni na njia iliyolileta. Na kwako kijana mwenzangu, usingoje mwalimu. Mtu akikuletea habari ya kazi ughaibuni, dawa, siasa au pesa za haraka, gonga kwanza usikie mlio.

Nimalizie na Inge. Naye aliwahi kuacha masomo. Alirudi nyumbani kutoka Cambridge mwaka wa 1911 akiwa amechoka kabisa, akafanya kazi ya hesabu za bima kwa miaka kadhaa, kisha akarudi chuoni na kumaliza mwaka wa 1920. Mimi bado sijarudi. Lakini siku nitakayorudi, mhadhiri ajiandae kwa mkono wangu ulioinuliwa.