Mkopo wa Chuo Hautolewi kwa Kujuana

Imani iliyoenea Unguja, kuanzia baraza za Mji Mkongwe hadi vijiji vya Makunduchi na Nungwi, ni kwamba mkopo wa elimu ya juu hupatikana kwa kujuana. Mwanafunzi aliyepata huambiwa ana mtu wake ndani, na aliyekosa huambiwa hana mtu. Kauli hiyo huchukuliwa kuwa ni busara ya watu wanaoijua dunia, kwa hiyo haihojiwi. Ni kauli potofu, na inayemuumiza zaidi ni yule anayeiamini kwa dhati: mtoto wa mvuvi au wa mkulima wa mwani, ambaye nyumbani kwao hajatoka mtu wa kusoma chuo.

Imani hii ina asili yake. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, lakini kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata visiwa havikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada ilibidi avuke bahari kwenda Dar es Salaam, au aende mbali zaidi, Umoja wa Kisovieti, Ujerumani ya Mashariki, China au Cuba. Nafasi zilikuwa chache, zikagawiwa na serikali, na mwananchi wa kawaida hakuwa na njia nyepesi ya kujua nani kachaguliwa na kwa sababu gani. Watu wa kizazi hicho walikuwa na sababu ya kuamini kwamba mlango wa elimu ya juu hufunguliwa na mtu aliye ndani.

Miaka imepita na utaratibu umebadilika. Mwaka 1998 vilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu na chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kufungua milango mwaka 2001. Upande wa fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi Julai 2005, na Zanzibar ikapata Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa kuwa elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, kijana wa Unguja anaweza kuomba HESLB kama alivyo kijana wa Mwanza au Mtwara, ingawa anayefadhiliwa na chanzo kimoja hapati kingine. Milango imekuwa miwili, na yote miwili inafunguliwa kwa maombi ya maandishi.

Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini. Mwombaji wa HESLB hujisajili katika mfumo wa intaneti kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hulipa ada ya maombi, hujaza taarifa zake na za wazazi wake, huchapisha fomu, huipeleka kwa sheha, kwa mdhamini na kwa wakili au hakimu itiwe saini na mihuri, kisha huirudisha katika mfumo. Uhitaji wake hupimwa kwa kile kilichoandikwa na kuthibitishwa. Yatima anatambuliwa kwa cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu anatambuliwa kwa fomu ya daktari. Mtoto wa kaya maskini anatambuliwa kwa kumbukumbu za kaya yao katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Umaskini usio na karatasi, hata uwe mkubwa kiasi gani na hata shehia nzima iwe shahidi, hauonekani kwa anayepima.

Pencheni jamii, kwa kulinganisha, inaonyesha vizuri kwa nini upimaji wa aina hiyo huzua maneno. Zanzibar ilianza kuilipa mwaka 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70. Hakuna baraza linalosema bibi fulani anapata pencheni kwa sababu ana mtu, kwa kuwa sharti kuu ni moja na kila mtu analijua: umri. Mkopo wa chuo una masharti mengi, yanayopimwa kwa pamoja na kubadilika kidogo kila mwongozo mpya unapotoka. Majirani wawili wanaolingana kwa dhiki wanaweza kupata matokeo tofauti, na asiyeuona mzani hudhani aliyeushika ameukandamiza kwa kidole. Ugumu wa masharti ndio unaozaa dhana ya kujuana.

Vikwazo vinavyomkosesha mwombaji mkopo ni vya kawaida, na kila mwalimu wa kidato cha sita anaweza kuvitaja. Cha kwanza ni majina. Mzanzibari huandikwa majina matatu, lake, la baba na la babu, na kila karani huyaandika anavyoyasikia. Khamis wa cheti cha kuzaliwa huwa Hamisi katika daftari la skuli, Othman huwa Osmani, Abdalla huongezwa herufi mwishoni. Kwa familia huyo ni mtoto mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili, na maombi husimama mpaka ipatikane hati ya kiapo au marekebisho.

Kikwazo cha pili ni uhakiki. Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwemo kabatini, lazima kihakikiwe. Aliyezaliwa Unguja au Pemba huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na aliyezaliwa Tanzania Bara huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Kijana aliyezaliwa Tanga akalelewa Mwanakwerekwe anaweza kupoteza wiki nzima katika ofisi isiyo yake kabla ya kuambiwa aende kwingine, na dirisha la maombi halimsubiri.

Cha tatu ni muundo wa familia. Fomu huuliza habari za baba na mama kana kwamba wote wawili wako nyumba moja. Watoto wengi wa Unguja wamelelewa na bibi, shangazi au mama mdogo baada ya talaka, huku baba akiwa Dar es Salaam au Muscat. Mlezi hana hati yoyote inayomtambua kuwa mlezi. Baba aliyefariki kijijini miaka 10 nyuma alizikwa siku ile ile kwa heshima zote, lakini cheti cha kifo hakikuchukuliwa, kwa kuwa hakuna aliyeona kitahitajika. Kwa mujibu wa makaratasi, mtoto huyo si yatima.

Cha nne ni uchaguzi wa masomo. HESLB hupanga programu za vyuo kwa makundi ya kipaumbele, na fani kama udaktari, ualimu wa sayansi na uhandisi hutangulia. Wanafunzi wawili wenye dhiki sawa hawatendewi sawa iwapo mmoja amechagua fani ya kundi la juu na mwengine ya kundi la chini. Wengi hulijua hilo baada ya kuchagua, wakati kubadilisha ni kugumu.

Katika vikwazo vyote vinne hamna hata kimoja kinachoondolewa na jamaa aliye ofisini. Vyote huondolewa na mtu mwenye subira anayekaa na mwanafunzi juu ya karatasi zake mapema. Jambo hili limewahi kupimwa. Nchini Marekani, wachumi Eric Bettinger, Bridget Terry Long, Philip Oreopoulos na Lisa Sanbonmatsu walifanya jaribio katika ofisi za kampuni ya kodi ya H&R Block, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Baadhi ya familia za kipato cha chini zilisaidiwa kujaza fomu ya misaada ya chuo hapo hapo. Nyengine zilipewa maelezo tu ya kiasi ambacho mtoto wao angeweza kupata. Miongoni mwa vijana waliokuwa wanamaliza sekondari, waliokamilisha angalau miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 kwa waliosaidiwa. Waliopewa maelezo matupu hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Waliosaidiwa hawakuongezewa ufaulu wala hawakupewa jamaa serikalini. Waliongezewa mtu wa kuwashika mkono mbele ya fomu.

Madhara ya imani ya kujuana yanaanzia hapo. Familia inayoamini kwamba majibu yameshapangwa haioni sababu ya kuhangaikia cheti cha kifo au kufunga safari ya uhakiki. Huomba kwa kubahatisha, hukosa, kisha huhesabu kukosa kwake kuwa ushahidi. Imani hujithibitisha yenyewe mwaka hadi mwaka.

Imani hiyo pia hulisha madalali. Anayejitapa kuwa ana mtu wake ndani ya bodi anauza kitu kimoja tu, nacho ni woga wa mzazi. Hujaza fomu kwa namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye, hivyo taarifa ya kasoro inapotumwa humfikia yeye, naye ameshalipwa. Mwanafunzi hugundua kosa dirisha likiwa limefungwa.

Dhara la tatu ni kuachwa kwa rufaa. Baada ya mikopo kupangwa, HESLB hufungua dirisha la rufaa, ambalo ni fupi. Anayeamini kwamba amekosa kwa kuwa hana mtu hakati rufaa, maana kwa fikra zake atakuwa anamshitaki mwizi kwa mwizi. Nafasi inayopotea hapo ilikuwa na thamani kubwa. Mkopo hauishii kwenye ada. Fedha za chakula na malazi, ambazo HESLB ilizipandisha kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, ndizo zinazoamua kama kijana wa Nungwi atakaa karibu na chuo au atashinda ndani ya daladala kati ya kaskazini na Tunguu.

Dhara la nne linawagusa wanafunzi wa miaka inayofuata. Marejesho ya wahitimu ni sehemu ya fedha wanazokopeshwa wanafunzi wapya. Anayeuona mkopo kuwa ni zawadi ya wenye jamaa haoni kuwa ana deni kwa mtu. Badala ya kusoma masharti, watu husikiliza uvumi. Wapo wanaoendelea kuikimbia HESLB kwa kuchukia ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ilhali tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Hoja ya upande wa pili ni kwamba upendeleo upo katika ofisi za umma na kuukana ni kujifanya kipofu. Hakuna sababu ya kuukana. Upendeleo ukitokea ni kosa la jinai, na Zanzibar ina mamlaka ya kuzuia rushwa, ZAECA, yenye kazi hiyo hiyo. Lakini kosa hushitakiwa kwa jina, tarehe na ushahidi. Tuhuma inayomgusa kila mtu haimgusi yeyote, na mla rushwa hustarehe ndani yake. Ni kweli pia kwamba fedha za bodi hazimtoshi kila mwombaji, na wapo waliokamilisha kila kitu wakapata sehemu tu ya mahitaji yao au wakakosa kabisa. Hiyo ni hoja dhidi ya ukubwa wa bajeti. Inafaa ipelekwe kwa wawakilishi na wabunge, huku kila familia ikijitahidi isiondolewe kwa kasoro ambayo ingeweza kurekebishwa.

Bodi nazo zina sehemu yao ya lawama. Jibu la kukosa lisilo na sababu ndilo mbolea ya dhana mbaya. Kila aliyekosa anastahili kuelezwa kwa Kiswahili chepesi ni kigezo gani hakukitimiza na afanye nini kabla ya rufaa kufungwa. Ofisi inayoeleza sababu zake hupunguza maneno ya baraza kuliko ofisi inayokanusha uvumi.

Kazi iliyobaki ina ratiba yake. Kidato cha nne ni wakati wa kulinganisha majina, kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, kwa kuwa jina la mtihani huo ndilo litakalomfuata mwanafunzi hadi chuoni. Kidato cha tano ni wakati wa kuhakiki cheti cha kuzaliwa, kutafuta cheti cha kifo kwa aliyefiwa, na kupata maandishi ya ulezi kwa anayelelewa na asiye mzazi. Kidato cha sita, kabla ya mitihani ya Mei, mdhamini awe ameshapatikana, kitambulisho chake kiwe tayari, na uchaguzi wa fani uwe umefanywa kwa kuusoma mwongozo wa mwaka huo. Dirisha linapofunguliwa katikati ya mwaka, ibaki kujaza tu. Akaunti, namba ya simu na nywila viwe vya mwanafunzi mwenyewe, na hali ya maombi iangaliwe kila wiki mpaka majibu yatoke.

Ratiba hiyo haihitaji wizara mpya. Inahitaji kila skuli ya sekondari ya juu imkabidhi mwalimu mmoja jukumu hili na kumpunguzia vipindi. Inahitaji sheha awajue vijana wa kidato cha tano na cha sita wa shehia yake kabla hawajamfuata na fomu siku ya mwisho. Inahitaji wanafunzi wa SUZA, Chukwani na Tunguu warudi katika skuli walizotoka wakati wa likizo, wakae na wadogo zao, wawaonyeshe fomu ile ile waliyoijaza wao. Watu wa kumsaidia mtoto wa Unguja wapo tayari, skulini, shehiani na vyuoni, na kazi yao ianze kidato cha nne, miaka kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.