Mbwa mzee si mbwa mjinga

Hivi ni kweli mbwa akizeeka anakuwa mjinga? Wengi tunaamini hivyo. Akianza kubweka ovyo usiku na kumngurumia mwenye nyumba, tunasema "huyu kaisha". Kinachofuata ni kufukuzwa au sumu.

Mwaka 2016 watafiti wa Vienna, Austria, walitoa matokeo ya kuwapima mbwa 95 aina ya Border Collie, waliokuwa wakichagua picha kwenye kompyuta kwa kugusa kioo na pua. Wazee walichelewa kujifunza. Lakini kwenye kubaini jibu kwa kuondoa lile wanalojua si sahihi, waliwashinda vijana! Na miezi sita baadaye walikumbuka sawa na vijana.

Kwa hiyo mbwa anayepotea ndani ya ua wake mwenyewe hajawa mjinga. Huenda ni mgonjwa. Kuna maradhi ya ubongo ya mbwa wazee yanayofanana na Alzheimer ya binadamu. Pengine pia ni uziwi au maumivu tu. Daktari wa mifugo ndiye wa kutofautisha, na dawa za kupunguza dalili zipo.

Jamani, aliyekulinda miaka kumi umlipe sumu?